Bunduki Iliyonuna Asubuhi

Siku ile tulikuwa watano kwenye njia ya wanawake ya klabu ya shabaha, na nitawataja wote kwa sababu kila mmoja alichangia. Alikuwapo Bi Thuwaiba, mwanamke wa ukoo wa Kizanzibari uliokaa Deira, hapa Dubai, tangu kabla majengo hayajaanza kupanda juu, raia wa nchi hii na nahodha wa timu yetu. Alikuwapo binti yake Shemsa, mwenye jicho kali na bega bichi. Alikuwapo Afande Odongo, fundi wa silaha wa klabu, Mganda aliyemaliza jeshi kwao akaja kuanza upya huku. Alikuwapo Babu Nassor wa Al Baraha, mwenye bunduki. Na mimi, Mwanakombo wa Ukunda, mhudumu wa njia ile, kitambaa mkononi.

Bunduki yenyewe ningeihesabu ya sita, kwa jinsi ilivyokuwa na tabia zake.

Wadogo zangu mnaoanza kazi kwenye viwanja vya shabaha, nimestaafu, lakini nikiisimulia siku ile mikono bado inachangamka. Juzi ndugu yangu Hamadi aliniambia niweke kikombe chini kwanza ndipo niendelee, maana nilikuwa nalimwagia zulia lake chai. Nawaita wadogo zangu kwa mazoea. Wazazi wetu walifariki nikiwa darasa la sita, mkubwa wa watoto wanne, na sikurudi tena shuleni. Tangu hapo kila niliyemzidi umri namwona mdogo wangu, na kila mdogo wangu namwona ana njaa. Mnisamehe.

Niliingia kwenye kazi hii na ufagio. Kabla yake nilikuwa nasafisha vyumba katika hoteli ya Dubai Marina, na siku moja nikasikia klabu moja ya shabaha nje ya mji inatafuta mwanamke wa kuhudumia wanawake wenzake. Njia ni ile sehemu mtu anapolala au kusimama kulenga. Mbele yake uwanja mtupu, mwisho wake ukuta wa mchanga. Kazi yangu ilikuwa kufagia maganda ya risasi, kugawa vizuia sauti vya masikioni, na kuleta maji. Siku ya kwanza nilisimama kulia kwa mpigaji, karibu kabisa, nione vizuri. Hakuna aliyenieleza kwamba bunduki hutupa maganda kulia, na kwamba ganda likitoka lina moto kama mkaa. Moja likaniingia kwenye kola ya baibui. Nilicheza pale ngoma ambayo Ukunda hawajapata kuiona. Wanawake wa njia ya pili walidhani nashangilia shabaha, wakanipigia vigelegele.

Kwa hiyo la kwanza, na siyo dogo: simameni nyuma na kushoto, na fungeni kola.

Sasa niwaambie tulichokuwa tunakipigania. Wanawake walikuwa na siku moja kwa wiki, Jumatatu, na njia moja ndefu ya mita mia tatu. Timu ya Bi Thuwaiba ilicheza ligi ya kirafiki ya risasi nene. Hakuna kombe la dhahabu kule, hakuna televisheni. Washindi walipewa keki, na walioshindwa walikula keki hiyo hiyo. Lakini msimu mmoja meneja alitangaza kwamba bunduki nene za klabu zimechakaa, hazitakodishwa tena. Kila timu ije na yake. Timu isiyo na bunduki haichezi, na njia isiyo na timu itabomolewa iwe uwanja wa wanaopiga sahani za udongo zinazorushwa hewani.

Bi Thuwaiba angepoteza Jumatatu yake. Mimi ningepoteza zaidi. Pasipo njia ya wanawake hapahitajiki mhudumu wa wanawake, na mhudumu asiyehitajika hana visa. Hamadi, kitinda mimba wetu, alikuwa chuoni Mombasa akisomea umeme, katikati ya safari. Wenzake wawili walikwishajimudu, yeye alikuwa bado mikononi mwangu. Nilijua kabisa kwamba meneja akibomoa njia ile, Hamadi naye atafunga vitabu kama nilivyofunga mimi.

"Tutanunua," alisema Bi Thuwaiba.

"Kwa pesa gani, mama?" aliuliza Shemsa. "Kwa tabasamu?"

Timu haikuwa na tajiri. Walikuwa walimu, muuguzi, mwenye duka la manukato, na Bi Thuwaiba mwenyewe anayeishi kwa pensheni. Walichanga, wakapata kiasi ambacho wauza bunduki mpya hawakutaka hata kukisikia. Ikabidi tutafute iliyotumika, na hapo ndipo Afande Odongo alinifundisha kuchagua.

Mtu huuliza kwanza, kwa nini nene? Kwa nini wasichukue nyembamba, nyepesi, ya bei rahisi? Kwa sababu ligi ile walilenga sahani za chuma nzito, ukubwa wa sinia la kupakulia pilau, na sahani lazima ianguke. Risasi nyembamba ikifika kule mbali imechoka. Inaigonga sahani, sahani inalia ting, inabaki imesimama kama haijaambiwa kitu. Isiyoanguka haihesabiwi. Na saa inakwenda, kwa hiyo bunduki ya kufungua na kufunga kwa mkono kila mara itakuchelewesha. Unataka ile inayojipakia yenyewe: unavuta mara moja, inapiga mara moja, inatupa ganda, inaingiza risasi nyingine, inakungoja.

Bunduki ya kwanza tuliyoletewa ilikuwa nzuri kupita kiasi. Kitako chake cha mti kiling'aa kama meza ya mahari. Shemsa aliishika akakataa kuiachia. Afande aliigeuza akatazama mdomo wa mtutu, pale risasi inapotokea, akaniita.

"Mama Kombo, weka kidole hapa. Unasikia nini?"

Nilisikia pengo dogo, kama jino la mtoto lililovunjika pembe.

"Hapo ndiyo mahali pa mwisho risasi inaguswa," alisema. "Ikiguswa vibaya hapo, hata ukilenga kama malaika, itaenda kwao. Huyu mtu aliidondosha, akapaka kitako vanishi."

Basi mtutu kwanza. Mulikeni taa kwa nyuma, tazameni ile mifereji inayozunguka ndani. Ikiwa na makali yake kama skrubu mpya, mna kitu. Ikiwa imelainika kama koo la bomba la zamani, rudisheni kwa adabu.

Ya pili ilikuwa na mtutu safi, bei yake karibu tuifikie, na mimi nilikuwa tayari nimeshaanza kutabasamu. Afande aliuliza swali moja: magazini zake, vile visanduku vinavyobeba risasi, ziko wapi? Ilikuwa nayo moja, imepinda mdomo. Nyingine ni za kuagiza ng'ambo, na kila moja ilikaribia nusu ya bei ya bunduki. Tena ilitaka risasi za aina ambayo duka la klabu halikuwa nazo. Pale klabu palikuwa na arbab mmoja, tajiri wa hapa, kijana aliyenunua ya namna hiyo kwa fahari. Alipiga boksi moja la risasi, akakosa la pili, na sasa imewekwa kwenye kabati la kioo sebuleni kwake, wageni wanaisalimia. Ninyi ambao mnanunua kwa kuchanga, hesabuni kwanza chakula cha bunduki. Risasi nene ni ghali, utainunua kila wiki, na bunduki utainunua mara moja tu. Chagueni inayokula kinachouzwa hapo hapo dukani.

Na darubini msiikimbilie. Watu wanatoa nusu ya mchango kwa kioo cha kuonea mwezi, halafu wanalenga sinia. Kioo cha kawaida kisichotikisika mahali pake kinatosha kabisa.

Uzito nao una maneno yake. Wauzaji watawaambia nyepesi ndiyo nzuri kwa wanawake. Nyepesi ikipiga risasi nene inakurudishia yote begani. Shemsa alijaribu moja ya hizo bila kuikaza vizuri, kitako kikamkaa kwenye mfupa wa shingo badala ya kwenye nyama ya bega, na wiki ile ile alikuwa anaingia ndani kwa ajili ya harusi yake, afundwe na somo na kusuguliwa singo la kulainisha ngozi. Lilitoka doa la rangi ya biringani. Bi Thuwaiba alilitazama mchana kutwa.

"Hebu niambie wee, hilo singo tulipake mpaka wapi?"

"Mwambie somo apitishe juu kwa juu, mama."

"Na mume akiuliza?"

"Ajue mapema kwamba nalenga."

Harusi ilipopita ikabidi tutafute nzito kidogo, inayokula risasi ya kawaida, yenye magazini zinazopatikana, mtutu mzima, na bei ya walimu na muuguzi. Afande alipoisikia hesabu hiyo aliirudia kwa vidole.

"Iko moja tu," alisema. "Lakini hiyo ni mgonjwa."

Ilikuwa ya Babu Nassor.

Babu alifika siku ile asubuhi amevaa kanzu iliyopigwa pasi ikasimama, miwani ya jua usoni, bakora mkononi. Tulikwisha kuitoa bunduki yake stoo. Mfahamu kwamba stoo ya silaha ina kiyoyozi mwaka mzima, usiku na mchana, baridi ya kuvaa koti. Bunduki zinakaa mle kwa sheria, na za wanachama zimo humo humo.

"Assalaam alaykum. Nani ananinunua?"

"Hatukununui wewe, Babu, tunanunua bunduki," alisema Shemsa.

"Afadhali. Mie ningewatoka ghali."

Alikaa kwenye kiti kivulini akatueleza bila kuficha. "Hii ilikuwa haina ugonjwa. Miaka yote imekaa kwangu, chumba cha uani, hakina hata feni. Nikija nayo hapa inapiga kama cherehani. Mwanangu akaniambia niilete stoo ya klabu kwa usalama. Tangu siku ile imeninunia. Asubuhi haitaki kazi. Ikishapata joto inacheka. Mie sina umri wa kuibembeleza kila asubuhi. Nipeni bei ya chuma chakavu, mwende nayo."

"Springi imechoka, Mzee," alisema Afande. "Labda na tundu la gesi, ile inayoisukuma ijipakie, limeziba. Mimi nilikuambia, niachie niifungue. Ukakataa."

"Nikuachie wewe? Wewe una bunduki za ulimwengu mzima za kuangalia. Hii ina mimi tu. Naisafisha kwa mkono wangu."

Shemsa alilala akalenga. Akavuta. Risasi ilitoka, sahani ya mbali ikaanguka kifudifudi, na moyo wangu ukaruka. Lakini ganda halikutoka lote. Lilibaki limebanwa katikati kama mtu aliyefungiwa na mlango wa lifti. Shemsa akalitoa kwa mkono, akavuta tena. Likabanwa. La tatu hivyo hivyo. Katika ligi, sahani ya kwanza ingekuwa yetu na zilizobaki za wenzetu.

Akaendelea, mpaka mtutu ukapata moto. Ndipo bunduki ikabadilika. Ilianza kutupa maganda yote mahali pamoja, rundo moja dogo kulia kwake, na sahani zikawa zinalala moja baada ya nyingine. Lakini ligi haimpi mtu nafasi ya kupasha moto. Unaitwa, unatoa bunduki, unapiga.

"Springi," alisema Afande. "Na ya model hii haipatikani. Wamekwisha kuacha kuitengeneza."

"Khalas, imekwisha," alisema Bi Thuwaiba. Alivua glavu zake polepole, kidole kwa kidole. Hiyo ilikuwa bunduki ya mwisho tuliyoijua. Kichwani nilimwona Hamadi akishuka ngazi za chuo na begi.

Niliinama niipanguse, irudi stoo ikiwa safi. Ndiyo kazi yangu, hata bunduki isiyonunuliwa hupanguswa. Nikaivuta nyuma ile bolti, kile kipande cha chuma kinachokwenda mbele na kurudi, na mvuke wa moto ukanipanda puani. Haikuwa baruti peke yake. Ilikuwa harufu ya wali unaoiva. Ilikuwa harufu ya kichwa changu nikisukwa na mama.

Nikaingiza kidole kwenye pembe ya ndani ambako moto haukufika. Kikatoka na kitu cheupe, laini, kama mshumaa.

Hapo lazima niwaeleze chumba changu cha mtaa wa Karama. Tulikuwa wengi, na kila siku vita vya kiyoyozi. Wenzangu wawili walipenda baridi ya kugandishia samaki. Chupa yangu ya mafuta ya nywele nikiiweka dirishani mchana inakuwa maji. Asubuhi naikuta imeshikana nyeupe, ukiigeuza juu chini haidondoki, mpaka niisimamishe kwenye kikombe cha maji ya moto. Kila mtu wa pwani aliyeishi Dubai anakijua kikombe hicho.

Nikainua macho. Bi Thuwaiba alikuwa amesogea karibu, na pua yake ilikuwa imepata kile kile. Alinitazama, akaitazama bunduki, halafu akatazama ukuta wa mchanga.

Wote wawili tulijua. Kama ni mafuta tu, basi bunduki ile ilikuwa nzima kabisa, mtutu safi, magazini nne, na mwenyewe anaitoa kwa bei ya chuma chakavu. Tukinyamaza tunaichukua leo. Tukisema, Babu ataita bei yake ya kweli, na bei ya kweli hatuiwezi. Nilisimama pale na kile kidole cheupe. Babu alikuwa ananichekea, hajui lolote, kofia imemkaa upande. Nililea watatu kwa kuwaambia hatuchukui cha mtu. Ningewaambia nini nikirudi?

"Babu," nilisema, "unaipaka mafuta gani?"

"Mafuta mazuri. Ya nazi. Naletewa kutoka Unguja, ya kukamua nyumbani, siyo haya ya dukani. Babu yangu alipaka saa ya ukutani, alipaka cherehani, alipaka bawaba za milango. Hakuna kilichomgomea."

Afande Odongo alikaa juu ya kreti akaanza kucheka bila sauti, mabega yanaruka. "Mzee," alisema alipopata pumzi, "wewe umekaanga bunduki."

"Babu, haina ugonjwa," nilisema. "Kwako uani palikuwa na joto, mafuta yakawa maji. Stoo ni baridi, yanashikana. Ndiyo maana asubuhi haitembei. Ikioshwa ni nzima. Nimeona nikwambie kabla hujapokea pesa."

"Dada Mwanakombo," alisema Shemsa kwa sauti ya chini sana, kama mtu anayeona sahani ya chakula ikiondolewa mbele yake.

Bi Thuwaiba alifumba macho, akayafumbua. "Kasema kweli, Babu Nassor. Mie nami nimeisikia harufu."

Babu alielekeza bakora kwenye bunduki. Alimwambia Afande aifungue.

Afande aliitandaza vipande vipande juu ya shuka. Aliosha kila kipande, akachokoa pembe zote kwa brashi, akakausha, akatia mafuta yake mwenyewe, tone hapa, tone pale, akayafuta karibu yote. "Jangwani bunduki inataka kusikia harufu ya mafuta tu," aliniambia. "Sisi watu wa mvua na watu wa bahari tunapaka sana, tunaogopa kutu. Hapa adui ni mchanga, na mchanga unapenda mafuta." Mliandike hilo vichwani. Mafuta mengi ni heshima huko kwetu. Huku ni gundi.

Kisha akairudisha stoo kwenye baridi, kusudi. Tukangoja. Tukaswali adhuhuri, tukaletewa biriani ya maboksi. Bi Thuwaiba hakula. Babu alikula yote, akachokoa meno, macho kwenye mlango wa stoo.

Alasiri Afande aliitoa ikiwa baridi kama chupa ya soda. Shemsa akalala. Mimi nikasimama nyuma, kushoto, kola imefungwa.

Alivuta. Ganda likaruka juu, likameta, likaanguka kulia. Sahani chini. Akavuta. Ganda, sahani. Akavuta tena na tena, na bunduki ile haikujikwaa hata mara moja, kila risasi inaifuata mwenzake kana kwamba imeitwa, mpaka magazini ikaisha na bolti ikabaki nyuma imefunguka. Kule mbali hapakuwa na kilichosimama. Shemsa aligeuza kichwa chini ya mtandio, meno yote nje. Mimi nilijikuta nimeshika mkono wa Afande kwa nguvu, naye ananiambia, "Mama Kombo, huo mkono natumia."

Ndipo Babu Nassor akasimama na bakora yake.

"Nilikubali kuuza bunduki mbovu," alisema. "Hii si mbovu."

"Si mbovu," alisema Bi Thuwaiba.

"Na uwezo wenu?"

"Ule ule, Babu."

Alivua miwani, akaipangusa kwa ncha ya kanzu, akaivaa. "Huyu angenyamaza, mie ningeingia kaburini nikiamini bunduki yangu ilinichukia. Thuwaiba, ichukue kwa bei ile ile. Wewe sikudai kitu. Namdai huyu."

"Mimi, Babu?"

"Wewe, mwana wa Ukunda. Sitaki pesa, pesa huna. Nina mjukuu, Zuwena. Nyumbani wamejaa wavulana na wote wanalenga simu. Yeye peke yake anashika ufagio anamlenga paka. Akifikia umri ambao klabu wanaukubali, utamfundisha. Wewe, siyo mwengine. Tangu kufunga kola mpaka kuangusha sahani. Na umfundishe mafuta."

"Inshallah, Babu."

"Inshallah ya kweli, siyo ile ya fundi bomba."

Mimi mgeni, siruhusiwi kumiliki silaha, kwa hiyo Bi Thuwaiba ndiye aliyeihamishia kwenye kibali chake, kwa njia zote za sheria, na ikaendelea kulala stoo ile ile. Ligi ilipoanza meneja alikuja mwenyewe kuangalia kama tutatokea. Tulitokea. Hatukushinda. Timu ya vijana wa benki ilitupita, na ya pili ilitupita kwa sahani moja iliyoyumba, ikafikiria, ikaamua kubaki wima. Lakini bunduki yetu ilianza kazi kwenye risasi ya kwanza, ikamaliza kwenye ya mwisho, na njia haikubomolewa. Ipo hadi leo. Baadhi yenu mnaifagia.

Wakati wa kula keki Bi Thuwaiba alinivuta pembeni. "Siku ile mie ningenyamaza," aliniambia. "Nakwambia ujue." Nikamwambia hakunyamaza, alisema. Akasema alisema kwa sababu nilimtangulia. Tukaacha hapo, tukala keki.

Hamadi alimaliza. Leo ni fundi umeme hapa hapa Dubai, na mimi nakaa kwake Karama, naweka vikombe mahali ninapoambiwa. Afande Odongo amerudi Gulu, ananitumia picha za ng'ombe. Babu Nassor hakuusubiri mwisho wa hadithi. Nilikwenda msibani Al Baraha, na mlangoni nikamkuta mtoto wa kike amekaa na ufagio magotini, amefumba jicho moja. Nilijua ni nani bila kuambiwa. Hakumlenga paka siku ile. Aliushika tu.

Mwezi ujao anafikisha umri. Mama yake amenipigia kuuliza kama maneno ya mzee bado yanasimama. Nimemjibu yanasimama, ingawa mimi kwenye klabu sasa ni mgeni wa kuandikishwa getini. Nimenunua kitambaa kipya na kichupa cha mafuta ya bunduki, kidogo kama cha wanja, na nimefanya mazoezi ya kulala chini na kuinuka bila kushika ukuta.

Kwa hiyo wadogo zangu, ninyi mlio zamu siku za Jumatatu, nawaomba jambo moja. Akija binti mwembamba anayeitwa Zuwena, mpeni kiti kivulini na maji baridi. Mpeni vizuia sauti vyenye mito mizima. Akiwauliza kuhusu bunduki ile ya Bi Thuwaiba, mwonyesheni kwa mbali. Lakini asiguse, na ninyi msimfundishe kitu, hata mahali pa kusimama. Najua mnaweza, mna mafunzo kuliko mimi. Nipigieni simu tu, na mimi nitakuja na metro hadi mwisho, kisha teksi.

Huyo ni deni langu, na bado sijalilipa.